SAUTI YA TANO
Habari za waimbaji wanne, tangu baraza la kinyozi hata milima ya Upare



Mtu akishuka kutoka milimani siku ya gulio, akafika Same mjini, hapati taabu kumwona kinyozi. Atamkuta kibandani mwake au chini ya mti, kioo kimetundikwa mbele ya kiti, na wateja wamekaa katika benchi wakingoja zamu. Hapo ndipo habari za mvua, bei ya mahindi na mambo ya ndoa husemwa zote, na mwenye nywele fupi aweza kukaa saa nzima pasipo kunyolewa, kwa kuwa amependa mazungumzo tu. Lakini je, msomaji, umepata kufikiri ya kuwa baraza la namna hiyo, katika nchi ya mbali, ndilo lililolea namna ya kuimba ambayo leo yajulikana katika nchi nyingi? Mwezi huu twataka kueleza habari za uimbaji huo: jinsi ulivyoanza, jinsi watu walivyougombania, jinsi jamaa yake ulivyo kwetu Upare, na jinsi kundi la waimbaji wanne lipasavyo kutengenezwa. Na kwa kuwa mwandishi wa maneno haya aliimba katika kundi la namna hiyo, hataficha kosa lililofanyika humo, ili wengine wapate faida.

SAUTI NNE NA KAZI ZAKE

Desturi ya waimbaji hawa ni kuwa wanne. Hawana kinanda, wala gitaa, wala ngoma. Ala yao ni koo zao tu. Kila mmoja ana sauti yake, na hapana mwingine wa kumsaidia. Katika kwaya ya watu thelathini, mtu aliyesahau maneno aweza kufumba kinywa kidogo na kumfuata jirani yake, hata mwalimu asijue. Lakini katika watu wanne hapana mahali pa kujificha. Akinyamaza mmoja, robo ya wimbo imekufa.

Katika vitabu vyetu vya nyimbo, wimbo wenyewe umewekwa juu kabisa, katika sauti ya kwanza ya akina mama. Waimbaji wa baraza la kinyozi huuweka mahali pengine, yaani katika sauti ya pili kutoka juu. Mwenye kuushika huitwa mwongozi. Juu yake huimba tenori, kwa sauti nyembamba na ya upole, asije akamfunika mwongozi. Chini kabisa yuko besi, naye ni kama msingi wa nyumba. Wa nne ni baritoni, ambaye hupewa noti zilizobaki. Mara yu juu ya mwongozi, mara yu chini yake. Sauti ya baritoni ikiimbwa peke yake haina utamu hata kidogo. Ni kama njia ya mbuzi mlimani, yapanda na kushuka pasipo mtu kujua kwa nini. Lakini ikitolewa, wimbo wote hubaki na pengo kama la jino lililong'oka.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Waimbaji hao hawatafuti ukubwa wa sauti, bali hutafuta saa ile ambayo sauti zao nne zitakutana sawasawa na kulia kama kengele. Hapo msikilizaji husikia juu yao sauti nyingine, nyembamba na safi, ambayo hapana hata mmoja wao aiimbaye. Wengine huiita sauti ya tano.

Hiyo si uchawi, wala si ndoto. Sauti ni mtikiso wa hewa, na kila sauti ya mtu inayo ndani yake sauti nyingine ndogo zilizo juu yake. Tuseme mtu mmoja aitikisa hewa mara 200 katika sekunde moja. Ndani ya sauti yake imo mitikiso ya 400, na 600, na 800, na 1,000, na kuendelea. Wenzake wakiimba 250, 300 na 350, basi 600 ya yule wa kwanza hukutana na 600 iliyomo katika sauti ya mwenye 300, na 1,000 yake hukutana na 1,000 iliyomo katika sauti ya mwenye 250, na 1,400 yake hukutana na 1,400 ya mwenye 350. Zikikutana hivyo hutiana nguvu, na sikio huzisikia kama sauti mpya. Lakini mmoja akipanda kidogo tu, au akijivuna na kupiga kelele, hazikutani tena, na sauti ya tano hutoweka. Twaweza kusema, basi, ya kuwa sauti hiyo ni mali ya wote wanne, na tena si mali ya mmoja wao.

ASILI YAKE

Huko Marekani, katika miaka iliyotangulia na iliyofuata mwisho wa utumwa mwaka 1865, kazi ya ukinyozi ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya watu weusi, hasa katika miji ya kusini. Vibanda vyao vilikuwa baraza la wanaume. Waliokuwa wakingoja zamu waliimba. Mmoja alianza wimbo, na wenzake wakatafuta kila mtu mahali pake, juu au chini, kwa sikio tu, pasipo karatasi. Mwandishi mmoja mweusi aliyejulikana sana, James Weldon Johnson, aliandika mwaka 1925 habari za utoto wake katika mji wa Jacksonville, Florida, akieleza jinsi vinyozi wa huko walivyokuwa na waimbaji wao wanne. Mpiga tarumbeta Louis Armstrong, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1901, naye alipokuwa kijana mdogo aliimba barabarani na wenzake katika kundi la namna hiyo, wakapewa senti na wapita njia.

Baadaye watu weupe wakaupenda uimbaji huo, wakauimba katika majumba ya michezo na kuutia katika sahani za santuri. Miaka ikapita, na kama ilivyo desturi ya ulimwengu, watu wakasahau ni nani aliyepanda mti, wakakumbuka tu aliyeuza matunda. Picha iliyobaki katika fikira za wengi ilikuwa ya watu weupe wanne, wenye masharubu na koti za mistari.

MLANGO ULIOFUNGWA

Tarehe 11 Aprili 1938, mwanasheria wa kodi aitwaye Owen C. Cash, pamoja na rafiki yake Rupert Hall, waliwaita watu katika mji wa Tulsa, Oklahoma, waje kuimba nyimbo za zamani. Walikuja watu 26, wakaimba juu ya dari la nyumba ya klabu. Haikupita muda ila wengi zaidi wakaja, magazeti yakatoa habari, na chama kikaundwa ambacho leo huitwa Barbershop Harmony Society. Wanawake nao wakaunda chama chao, Sweet Adelines, katika mji uleule wa Tulsa mwaka 1945. Vyama hivyo viliweka matawi, mashindano ya kila mwaka, na waamuzi waliofundishwa kazi yao. Kwa upande wa utaratibu, kazi yao ni nzuri, nasi twaweza kujifunza mengi kwao.

Lakini mwaka 1941 jambo la aibu lilitokea. Katika mji wa New York palikuwa na wapagazi weusi, waliochukua mizigo ya abiria katika stesheni kubwa ya gari la moshi iitwayo Grand Central. Kwa sababu ya kofia zao nyekundu waliitwa Red Caps, nao walikuwa na waimbaji wanne hodari. Hao wakashinda katika mashindano ya mji wao, na iliwapasa kwenda St. Louis kushindana na washindi wa miji mingine. Wakuu wa chama wakawakataa, kwa kuwa ni watu weusi. Wakubwa wawili wa New York, Al Smith aliyekuwa gavana zamani, na Robert Moses, wakajitoa katika chama kwa sababu ya tendo hilo.

Fikirini, ndugu. Wimbo ulitoka katika baraza la watu weusi, na wana wa baraza lile walipobisha mlangoni waliambiwa, Hapana nafasi. Mlango huo ulikaa umefungwa hata mwaka 1963. Katika chama cha wanawake ubishi kama huo ulisababisha baadhi yao kujitenga na kuunda chama kingine, Harmony, Incorporated, mwaka 1959. Tena chama cha wanaume hakikuwapokea wanawake kuwa wanachama kamili ila mwaka 2018. Leo vyama hivyo vyenyewe hukiri makosa ya siku zilizopita na kufundisha habari za asili ya uimbaji wao. Ni vema. Lakini wale wapagazi wanne hawakurudishiwa siku yao ya St. Louis.

JINSI SAUTI NNE ZILIVYOFIKA AFRIKA NA UPARE

Uimbaji wa watu weusi wa Marekani ulivuka bahari mapema. Mwaka 1871 wanafunzi wa chuo cha Fisk, Nashville, walianza safari za kuimba ili kukipatia chuo chao fedha. Wengi wao walizaliwa watumwa. Mwaka 1890 Orpheus McAdoo, naye mwana wa watumwa, aliwaleta waimbaji wake Afrika Kusini, wakazunguka huko miaka mingi, na wenyeji wakavutwa mno. Kwaya na makundi mengi ya huko yalipata moyo kwao, wakachanganya mambo hayo na uimbaji wa kwao wenyewe. Kutoka Afrika Kusini dunia imewasikia Solomon Linda na wenzake, waliotia santuri wimbo wao wa simba mwaka 1939, na kundi la Ladysmith Black Mambazo, lililoanzishwa na Joseph Shabalala mwaka 1960.

Kwetu Upare njia ilikuwa nyingine. Kuimba hatukuletewa na mgeni. Wazee wetu waliimba shambani, harusini na msibani, mmoja akitangulia na wengine wakiitikia. Kilicholetwa ni kitabu chenye sauti nne zilizoandikwa. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Shigatini, Upare wa Kaskazini, mwaka 1900. Mwaka 1903 Waadventista Johannes Ehlers na A. C. Enns walifika Giti, katika nchi ya Mamba, Upare wa Kusini, wakapaita Friedenstal, maana yake Bonde la Amani. Wote walitoka katika nchi ya Wajerumani, na Wajerumani wa siku zile walikuwa wakiimba nyimbo zao za kanisa kwa sauti nne tangu utoto. Vita ilipoanza mwaka 1914, na miaka iliyofuata, wamisionari wale waliondolewa. Na walioshika mahali pao, wakaendelea kufundisha na kuimbisha, walikuwa walimu wenyeji. Kwa hiyo tusiseme ya kuwa kwaya zetu ni kazi ya wageni. Mbegu ililetwa, lakini waliopalilia ni baba zetu na mama zetu. Tangu mwaka 1975 Walutheri wa Upare wana dayosisi yao, na makao yake yako Same. Na Waadventista nao wana makanisa mengi katika milima hii.

Na kundi la wanaume wanne, je? Kwa Waadventista mfano mmoja ulisikika mbali sana. Mwaka 1927 vijana wanne wa chuo cha kanisa hilo huko Keene, Texas, walianza kuimba pamoja. Na katika miaka ya 1930 wakaimba katika redio pamoja na mhubiri H. M. S. Richards, wakajulikana kwa jina la King's Heralds. Hao hawakuwa waimbaji wa baraza la kinyozi, maana nyimbo zao zilikuwa za injili; lakini mpango wa sauti zao, tenori wawili, baritoni na besi, ni jamaa wa ule mwingine, kama watoto wa ndugu wawili. Kijana wa Upare aonaye leo wanaume wanne wamesimama mbele ya kanisa pasipo ala yo yote, yafaa ajue ya kuwa nyuma yao ina nasaba ndefu, na katika nasaba hiyo wamo watumwa, wapagazi na vinyozi.

KUNDI LETU, NA KOSA LETU

Miaka mingi iliyopita tulikuwa vijana wanne katika kijiji kimoja cha mlimani, juu ya Same. Mimi nalikuwa baritoni. Besi wetu alikuwa mkubwa kuliko sisi, naye alikuwa akishuka Makanya kuchimba jasi, akarudi nyumbani mwisho wa juma na vumbi jeupe katika nyusi zake. Hakusoma sana, wala hakujua kuandika noti. Lakini sikio lake lilikuwa sikio kweli. Yeye ndiye aliyetufundisha kuimba polepole, kusimama nusu duara ili kila mtu awaone wenzake, na kungoja. Nilipopaza sauti yangu nipate kusikiwa, alininyoshea kidole na kusema, "Mwanangu, wewe waimba ili watu wakusikie. Imba ili wewe uwasikie wenzako." Jioni moja, tukifanya mazoezi katika darasa tupu, sauti zetu zikakutana, na mimi nikageuka nyuma nikidhani kuna mtu wa tano aliyeingia. Yeye akacheka tu.

Kisha tukaalikwa katika mkutano mkubwa wa waimbaji. Tukafanya shauri la sare: suruali nyeusi, shati jeupe, tai, na viatu vyeusi. Kila mtu alipe mwenyewe. Besi wetu alikuwa na mtoto mgonjwa mwaka ule, na fedha yake yote ilikwenda hospitali. Akatuambia, "Viatu sina. Nitasimama nyuma kidogo." Sisi watatu tukakaa kando, tukanong'onezana. Tukaona ya kuwa kundi lenye mtu mmoja mwenye kandambili litachekwa. Tukamtafuta kijana mwingine, mwenye sauti nzito na viatu vizuri, tukamfundisha kwa majuma matatu. Habari hiyo hatukumwambia besi wetu uso kwa uso, tulimpelekea mtoto.

Tukaenda, tukaimba. Hatukukosa noti hata moja. Watu wakapiga makofi kama wapigavyo kwa kila mtu. Lakini mimi nalisikiliza wimbo wote tangu mwanzo hata mwisho nikiingoja sauti ya tano, nayo haikuja. Tuliporudi ndani ya gari hapakuwa na aliyelitaja neno hilo, nami nikajua ya kuwa wenzangu nao walikuwa wameingoja.

Juma lililofuata palikuwa na msaragambo wa kuzoa tope katika ndiva yetu. Wasomaji wa mbali wasiojua neno hili, ndiva ni bwawa la maji tulilorithi kwa wazee. Usiku maji ya mfereji hukusanyika humo, na asubuhi hufunguliwa, kila nyumba ikapata maji kwa zamu yake. Akizidisha mmoja wa juu, shamba la wa chini hukauka. Na tope lisipozolewa na wote, wote hukosa. Tukamkuta besi wetu amesimama ndani ya tope hata magoti, pasipo viatu, kama tulivyokuwa sote siku ile. Mwongozi wetu akaanza kusema maneno ya kuomba radhi, akakwama. Yule mzee hakumsaidia. Alimtazama kitambo, akamwambia, "Nipe jembe hilo kwanza, hili langu limelegea mpini." Tukafanya kazi hata adhuhuri, naye hakutaja jambo lile.

Hakurudi upesi katika kundi, wala sisi hatukustahili arudi upesi. Ilipita miezi mingi. Mtoto wake alipona, namshukuru Mungu. Jumapili moja jioni alikuja mwenyewe mlangoni pa darasa, akasimama kizingitini akisikiliza, kisha akaingia na kutoa sauti ya chini. Baada ya hapo aliimba nasi miaka mitano, na mara nyingine viatu alikuwa navyo, na mara nyingine hakuwa navyo. Nilipokuja kusoma habari za wale wapagazi wa New York, nalifunga kitabu kwa aibu. Maana nalikuwa tayari kuwalaumu wakuu wa St. Louis, na mimi mwenyewe nalimfungia mlango mtu aliyenifundisha kuimba, si kwa rangi ya ngozi, bali kwa ngozi ya viatu.

MPANGO WA KUNDI

Kwa hiyo, vijana mnaotaka kuanza kundi, pokeeni mashauri haya, ambayo mengine tulifundishwa na wakubwa wa kazi hii, na mengine tulifundishwa na kosa letu.

Kwanza, tafuteni sikio kabla ya sauti. Mwenye sauti kubwa asiyesikiliza ataharibu kazi ya watatu. Mwenye sauti ndogo asikilizaye atakuzwa na wenzake.

Pili, jengeni wimbo kama mjengavyo nyumba. Mwongozi ajifunze wimbo wenyewe barabara. Kisha besi aweke msingi chini yake, nao wawili waimbe hata wapatane. Baadaye aingie tenori, na mwisho baritoni. Kama wimbo umeharibika, rudini kwa wale wawili wa kwanza. Msiwarundikie watu wanne makosa ya mmoja. Mkitumia do, re, mi, andikeni ubaoni mistari minne, kila mtu aone na ya wenzake.

Tatu, mtu mmoja tu na atoe sauti ya kuanzia, kwa filimbi ndogo au kwa kinywa, naye atoe kwa utulivu. Wimbo ulioanza juu mno utamchosha tenori. Ulioanza chini mno utamzamisha besi.

Nne, kila kundi, hata likiwa la wanne, na liwe na mwenyekiti, katibu na mhazini, na mlezi ambaye si mwimbaji, mtu mzima wa kuheshimiwa. Mwenye kuandika fedha asiwe yeye anayeishika. Daftari lifunguliwe mbele ya wote kila mwezi, hata kama limo shilingi elfu mbili tu. Makundi mengi hayakufa kwa kukosa sauti. Yalikufa kwa daftari lililofichwa.

Tano, sare isimtangulie mtu. Kama mna sare, na inunuliwe na sanduku la kundi, na kila mtu atie sandukuni kwa kadiri awezavyo. Kama sanduku halitoshi, imbeni na nguo mlizo nazo. Hapana mkutano ulio mkubwa kuliko ndugu mmoja.

Sita, kila sauti na iwe na mwanafunzi mmoja anayejifunza. Watu huoa, huhama, huugua, hufa. Kundi lisilo na wanafunzi ni shamba lisilo na mbegu. Wala msiwasahau akina dada, ambao nao waweza kuunda kundi lao la sauti nne, na wafundishwe kama wengine.

Saba, mwenye neno juu ya mwenzake alimalize kabla ya kuimba. Hili silisemi kwa ajili ya adabu tu. Mwenye kinyongo hukaza koo, na koo lililokazwa hupanda juu ya noti yake. Jirani humwacha, naye humwacha jirani. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za mwili na viungo vyake, jinsi kiungo kimoja kisivyoweza kumwambia mwenzake ya kuwa hana haja naye. Waimbaji wanne huweza kulipima neno hilo kwa masikio yao, katika muda wa ubeti mmoja.

MWISHO

Besi wetu ameishalala. Kaburi lake liko chini ya mgomba, mahali ambapo mtu akisimama jioni aweza kuona taa za Same kule chini. Siku ya maziko yake tulikuwa watatu tu wa kundi la zamani, na watu wakatusihi tuimbe. Tukasimama nusu duara kama alivyotufundisha, tukamwachia nafasi yake. Wimbo ulikuwa na pengo, wala hatukujaribu kulificha. Lakini ulipofika ubeti wa mwisho, kijana mmoja aliyesimama nyuma, miguu yake mitupu yenye udongo wa kaburi alilosaidia kuchimba, akaanza kuimba chini yetu kwa sauti nzito isiyo na hakika. Alikuwa mtoto yule aliyekuwa mgonjwa. Tukasogea, tukampa mahali.

Nasi twawaombeni, wasomaji wapenzi, katika vijiji vyenu, kabla ya kuuliza nani ana viatu, mwulize nani ana sikio. Na aliyesimama nyuma mkampe mahali. Salamu kwa nyumba zenu zote.